Niliomba ukuta upakwe chokaa kwa ajili ya day trip, nikafuta majina ya wapagazi wa vita

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo marahaba kabla hamjaniamkia.

Mie ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nasoma nyuzi za mapenzi, za viwanja, za wachawi, nacheka, nazima simu, nalala. Leo nimeshindwa kukaa kimya. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na baya zaidi, sehemu kubwa nimeyafanya kwa mikono yangu. Atakayesema ni chai, kwamba natunga, aulize chochote, nitajibu.

Mods, nawaombeni msiuhamishie jukwaa la utalii. Huu si utalii.

Kilichonichokoza ni hiki. Wiki iliyopita mtu alirusha tangazo kwenye group letu la mtaa hapa Tabata. Day trip! Historia ya Vita Kuu katika pwani yetu, kwenda na kurudi siku moja, chakula juu yao. Picha ya kwanza, sanamu ya askari pale mjini. Picha ya pili, makaburi ya vita. Picha ya tatu, ukuta mweupe peee, una maandishi makubwa meusi: FUTA UJINGA.

Chini ya picha ya tatu wameandika kwamba huo ni ukuta wa kihistoria uliohifadhiwa kama ulivyokuwa.

Kama ulivyokuwa!

Simu iliniponyoka ikaanguka kwenye chai. Ukuta ule naujua. Maneno yale niliyachagua mie. Na haukuwa hivyo hata kidogo.

Kaeni vizuri, ni ndefu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima kule Temeke. Wale wa rika langu mnakumbuka, nchi nzima ilikuwa darasani. Viwandani kuna darasa, sokoni kuna darasa, hospitali wagonjwa wanasubiri daktari huku wanasomeshwa a e i o u.

Darasa langu lilikuwa kwenye ghala tupu la duka la ushirika, jioni baada ya alasiri. Wanafunzi ishirini na sita, wengi wao wanawake watu wazima waliotoka kusini: Rufiji, Kilwa, Lindi. Lilikuwa darasa la namna yake. Mwalimu ndiye anayeingia na kuamkia. "Shikamooni." "Marahabaa, mwalimu." Halafu ndio nachukua chaki naanza kuwagombeza.

Mmoja wao alikuwa Bi Somoe. Muuza vitumbua, mjane, umri unagonga sitini, mwenyeji wa upande wa Kilwa aliyeletwa Dar na ndoa. Mama mwembamba, mpole, lakini ukimuudhi anakutazama tu mpaka unajisahihisha mwenyewe.

Siku ya kumwandikisha nilikuwa na fomu. Kuna sehemu imeandikwa: Anajua kusoma na kuandika? Ndiyo, Hapana.

Nikamuuliza. Akasema, "Msahafu nasoma, mwanangu. Na barua za Kiswahili naandika kwa herufi zetu za Kiarabu."

Nikamwambia, "Hizo hazihesabiki, Bi." Nikaweka tiki kwenye Hapana.

Ngoja niseme hapa hapa, maana nikiendelea litanikaba. Nusu ya wanawake wale walikuwa wanasoma na kuandika tangu wakiwa watoto wa chuo cha Kurani. Walikuwa wanaandikiana barua na ndugu zao huko kusini kwa Kiswahili safi, kwa herufi za Kiarabu. Sisi vijana wa suruali bwenga tukaja na fomu tukawaandika wajinga wote. Na mie nilijivuna, naleta mwanga!

Nikamuuliza Bi Somoe, kama ni hivyo, umefuata nini hapa? Akasema amesikia kwamba Wazungu huandika majina ya watu wao makaburini. Anataka kujua herufi za kizungu akatafute jina la baba yake.

Baba yake aliitwa Mfaume bin Mtupa. Vita ya kwanza ilipofika kwao, yule bwana alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Bi Somoe alikuwa bado tumboni. Mfaume hakurudi.

Wenzake wawili watatu walirudi, kila mmoja na habari yake. Ndugu wa Mfaume wakachagua ile iliyowafaa: katoroka, kaoa Dar, anakula maisha. Kwa habari hiyo mama yake Bi Somoe hakuwa mjane na hakuwa mtalaka. Hakuna aliyemwambia kaa eda, hakuna aliyemwambia olewa. Hitma haikusomwa, utamsomeaje hitma mtu aliye hai? Mama yule alikufa akiwa bado mke wa mtu asiyejulikana alipo.

Na Bi Somoe mwenyewe alikua anaitwa mtoto wa mtoro. Kwenye ugomvi wa kisimani, mtoto wa mtoro. Kwenye kuposwa, huyu si ndio yule mtoto wa mtoro?

"Sitaki kitu kingine, mwalimu," aliniambia. "Nataka nione pameandikwa kwamba alikufa na mzigo wake."

Nami nikiwa kijana, mdomo hauna kufuli, nikamjibu: "Ukijua kusoma tu, Bi Somoe, nitakupeleka mwenyewe ukalisome."

Sikuwa najua chochote kuhusu makaburi hayo. Nilisema tu.

Basi nikaanza kupanga safari za mafunzo. Wakuu, nilikuwa na ugonjwa wa kupanga. Nilitafuta ramani, nikaweka alama kila mahali pwani yetu vita vilipopita, nikapima mwendo wa lori, nikahesabu dakika za kula na za kujisaidia. Ilikuwa zile Jumapili ambazo ikifika saa nane mchana gari inatakiwa iwe imelala kwa sababu ya shida ya mafuta, kwa hiyo kila safari lazima tuondoke alfajiri na turudi kabla ya muda huo. Niliona raha kuipanga ile hesabu, mpaka nikasahau inapangwa kwa ajili ya nani.

Juu yangu alikuwepo Katibu, bosi wangu wa elimu pale wilayani. Jina lake linakaa kwangu. Mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Yeye ndiye aliyetuombea lori la kiwanda, nami nilimshukuru sana.

Safari ya kwanza tulianzia kwenye sanamu ya askari mjini. Nikawapanga wanafunzi mstari, nikasema leo tutasoma maandishi haya silabi kwa silabi. Kabla sijamaliza hotuba yangu, Bi Somoe alishasogea upande mwingine, kwenye yale yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na anasoma moja kwa moja bila kusita, kama mtu anayesoma barua ya dada yake.

Wenzake watatu wakamfuata, nao wanasoma. Mie nimebaki na fimbo yangu ya kuonyeshea. Nikamwomba anisomee, maana yale sikuyajua hata alifu.

Akasoma yote, kisha akasema, "Wametajwa, mwalimu. Askari wametajwa na wapagazi wametajwa, wanasifiwa. Lakini majina hakuna."

Tukaenda makaburi ya vita, upande wa Kinondoni. Pale pamefyekwa, pana maua, mawe yamepangana safi. Wanawake wakasita getini, maana kwao desturi mwanamke haingii makaburini. Mmoja akasema haya ni ya Wazungu hayana neno, wakacheka, wakaingia.

Tulisoma majina mpaka midomo ikakauka. Bi Somoe alisoma kwa kidole, jiwe kwa jiwe, anatamka majina ya kigeni kwa shida na kwa adabu. Mfaume hatukumwona.

Alikuwepo mzee mmoja wa bustani, anamwagilia. Bi Somoe akamuuliza wapagazi wako upande gani. Yule mzee akafunga bomba kwanza ndipo akajibu.

"Sie kwetu tuna ukuta," alisema. Akataja kijiji chake, kipo kusini, unaacha barabara ya Kilwa unaingia ndani. Wakati wa vita wapagazi waliougua walikuwa wanaachwa pale. Walikufa wengi wa kuharisha na homa, wakazikwa makaburi ya kijiji. Mwalimu wa msikiti wa wakati huo alimuuliza kila mgonjwa jina lake na la baba yake na kwao wapi, na alipokufa alimwandika. "Kaandika ukutani, majina kwa majina. Ili ndugu wakija wajue."

Bi Somoe alikaa chini pale pale kwenye majani.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia.

Kesho yake alinifuata ghalani kabla ya kipindi. Akasema, "Mwanangu, twende Jumamosi. Sie wawili tu. Tutapanda gari la Mbagala, mbele tutatembea. Nauli ninayo."

Nikamjibu kwa sauti ya ofisi. Nikasema, "Bi Somoe, mambo haya yana utaratibu. Tutakwenda darasa zima, na Katibu, na tutapokelewa rasmi. Vumilia wiki tatu."

Akanitazama ile tazama yake. Mie nikageuka kufuta ubao.

Nilikwenda kwa Katibu. Alifurahi kupita kiasi. Safari itakuwa na wageni kutoka wilayani, itapigwa picha. Akasema wageni hawapokelewi kwenye magofu, waandikie kijiji wajiandae. Nami nikaandika barua, na barua ile naikumbuka neno kwa neno kwa sababu nilijivunia taipu yake. Nakala mbili, muhuri wa Katibu, na sahihi yangu kwa niaba yake.

Niliomba eneo lote lisafishwe. Niliomba njia ya gari itengenezwe. Niliomba ukuta wa makaburi ukarabatiwe na upakwe chokaa, na juu yake iandikwe kaulimbiu FUTA UJINGA kwa herufi kubwa, ili wanakisomo waweze kuisoma kutoka mbali.

Mtaniuliza, wewe mzee una akili? Si uliambiwa majina yako ukutani?

Nimejiuliza miaka yote hii. Jibu langu ni la aibu. Nilikuwa nimetoka kwenye makaburi ya Wazungu, nimeona mawe yaliyochongwa. Nikaamini jina la maana lazima liwe kwenye jiwe. Niliposikia "kaandika ukutani" nilijua kutakuwa na kibao fulani kimebandikwa pale, na ukuta ni ukuta tu. Haikunijia kwamba ukuta wenyewe ndio kibao. Wala sikuona haja ya kwenda kuangalia. Nilikuwa na ramani.

Na mnajua kawaida yetu. Mgeni wa serikali akija, tunapaka chokaa. Tunapaka mawe ya njiani, miti, tunapaka mpaka mtungi. Hakuna anayeuliza chini ya chokaa kuna nini.

Jumapili ikafika. Bi Somoe alivaa doti mpya ya kanga, ananukia udi. Amebeba ndoo ya vitumbua vya sadaka, ubani na kichupa cha marashi. Ndani ya lori wanawake walikuwa wanaimba. Tulipoacha barabara ya Kilwa na kuingia njia ya kijiji, dereva akasema, "Hawa watu wamejiandaa aisee, mashimo yote wamejaza." Tukapiga makofi.

Wakuu, tulipiga makofi.

Kijijini ngoma inalia, Katibu kashatangulia na wageni wake, picha zinapigwa. Na pale mbele, ukuta wa makaburi. Mweupe mpaka unaumiza macho. FUTA UJINGA.

Bi Somoe alisimama mbali kidogo akasoma kwa sauti, polepole: "Fu-ta. U-ji-nga." Wenzake wakapiga vigelegele, maana ni mara ya kwanza anasoma maneno nje ya darasa bila kidole. Wageni wakapiga makofi. Katibu akanipiga bega.

Kisha akausogelea ukuta. Akaweka kiganja. Akatembea nao kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapotea upande wa pili, akarudi na mkono mweupe.

"Mwalimu, majina yako wapi?"

Nikawa naangaza macho natafuta kibao changu. Katibu akadakia, anacheka: "Bibi, majina gani tena? Maandishi si hayo hapo, makubwa kabisa?"

Mwalimu wa msikiti wa kijiji alikuwa amesimama pembeni. Si mzee, mwanamume wa makamo, amekunja mikono, na tangu tufike hakutupa mkono. Yeye ndiye aliyejibu.

"Yalikuwa hapo hapo mnapopasoma."

Akatueleza bila kupandisha sauti. Yule mwalimu wa zamani aliandika kwenye lipu mbichi, kwa ncha ya mti, kwa herufi za Kiarabu. Aliandika upande wa nje makusudi, kwa sababu wanawake hawaingii makaburini, na alijua watakaokuja kutafuta watakuwa mama na wake. Ilipokuja barua, yeye alikataa. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia ni agizo la mjini, lina muhuri. Chokaa ikawa haishiki kwenye lipu ya zamani, basi vijana wakaibandua yote wakapiga mpya.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyenakili majina. Akasema ya nini kunakili, si yalikuwepo? Kila mwaka wakisoma hitma walikuwa wanasema tu, na wote walioandikwa ukutani.

Bi Somoe akauliza, "Na ile lipu ya zamani mmeitupa wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji akaangalia chini. Mwalimu wa msikiti akaonyesha njia tuliyojia.

"Mmepita juu yake. Barua ilisema na njia itengenezwe."

Mpaka leo nikiandika hapa nasikia lile lori, wakuu.

Wanawake waliinua kanga zao wakarudi njiani, wote, wakakaa chini barabarani na nguo zao mpya wakaanza kufukua mashimo kwa mikono. Wale niliowaandika Hapana. Wanatoa vipande vya lipu, wanapuliza vumbi, wanasoma. "Bin." "Wa Liwale." "Ali." "Bin." Vingi vilishasagika unga.

Wageni wa wilaya wameshika chupa za soda wanashangaa. Katibu akanivuta pembeni, uso umemwiva.

"Hii ni safari ya serikali, wewe umeigeuza matanga! Gari lina muda. Waondoe!"

Nilikwenda kuwaondoa. Ndiyo, nilikwenda. Nikafika mbele ya Bi Somoe, nikapiga magoti nikaanza kuchimba na mie, herufi zenyewe sizijui, kila nikipata kipande nampa kama mtoto anayempa mama yake mawe.

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Sikukipata mie, alikipata yeye. Alikipangusa kwa upindo wa kanga, akakisoma, akakisoma tena.

"Mfaume," alisema. Baada ya hapo pamekatika. Bin nani, wa wapi, hakuna.

Tukatafuta kipande cha pili mpaka dereva akawasha gari. Hakikupatikana.

Katibu alikuja akakiangalia juu juu. Akasema, "Mama, akina Mfaume wapo wengi pwani hii."

Bi Somoe akamjibu akiwa bado amekaa chini. "Wapo wengi, mwanangu. Mie ninaye mmoja."

Vitumbua alimwachia mwalimu wa msikiti, sadaka ya wote walioandikwa ukutani. Marashi akayanyunyiza pale njiani.

Ndani ya lori hakuna aliyeimba. Tulipokaribia Mbagala akanigeukia akaniuliza, "Ile barua kaandika nani?"

Ningeweza kusema Katibu. Muhuri ulikuwa wake.

Nikasema, "Mie, Bi Somoe."

"Kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mashine."

Akatikisa kichwa. "Ndio maana wakatii."

Basi. Hakunitukana, hakulia. Nilitamani anitukane.

Sasa hasira zangu nyingine ni hizi. Katibu aliandika ripoti kwamba safari ilifana na ukuta wa kihistoria umekarabatiwa kwa nguvu za wananchi. Akanipa nisaini. Nikasaini! Nilikuwa nasubiri nafasi ya chuo, naogopa. Huenda hao watu wa day trip wameiokota humo hiyo hadithi yao ya "kama ulivyokuwa". Basi aliyewapa uongo ni mie.

Bi Somoe aliwaandikia ndugu wa baba yake kule Kilwa. Akawaeleza ukuta, akawaeleza kipande. Alinisomea majibu yao, maana yalikuja kwa herufi zile nisizozijua. Walisema kipande cha lipu si ushahidi, na Mfaume wapo wengi. Walisema vile vile alivyosema Katibu, wakati hawajawahi kuonana naye.

Ukuta ungekuwepo, angewashika mkono akawapeleka. Wangelisoma jina la ndugu yao, na la baba yake, na la kijiji chao. Ulisimama pale miaka sitini, mvua na jua, ukimsubiri mtu huyu mmoja. Ukamaliziwa ndani ya wiki zile tatu nilizomwambia avumilie, kwa barua yangu, kwa ajili ya kumpokea yeye.

Mtihani wa kisomo ulikuja baada ya miezi michache. Swali la mwisho liliwataka waandike sentensi moja kuhusu familia. Wengi waliandika mama anapika, baba analima. Bi Somoe aliinama akaandika kwa herufi kubwa za kizungu, zimenyooka kabisa:

BABA YANGU HAKUTOROKA.

Katibu alipopitia karatasi akaniambia hiyo si sentensi ya kisomo, mwambie aandike nyingine, aandike baba yangu ni mkulima bora. Nikampelekea ujumbe. Bi Somoe akafunga daftari lake, akasema ameshamaliza kuandika.

Nikampa alama zote. Katibu alinuna, na nafasi ya chuo nikaja kuipata miaka mitatu baadaye. Katika habari hii yote hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulisema bila kuinamisha kichwa, nalo ni dogo.

Aliishi miaka mingine kumi na kitu. Wazee wa kwetu wanaweka sanda yao tayari kwenye sanduku, na kile kipande alikifunga kwenye kitambaa akakilaza juu ya sanda. Siku alipofariki binti yake alinipigia simu ofisini. Nikafika mapema, nikahakikisha kimekwenda naye.

Nilichojifunza sitakipamba. Ukipanga kuwapeleka watu mahali, nenda kwanza wewe mwenyewe, kimya kimya, bila barua, na uende na yule mwenye haja yake. Na kabla hujapaka chokaa kitu chochote cha zamani, tafuta bibi mmoja anayejua kusoma akusomee.

Wale wa day trip nimewapigia simu. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akasema, "Mzee wangu, wageni wanaupenda ule ukuta, unatoka vizuri kwenye picha." Nimewaambia nitakuja huko kijijini siku ya safari na nitasimama mbele ya ukuta nieleze. Wakinizuia mtasikia humu humu.

Kwenu wakuu sina ombi la like. Najua humu wamo wengi ambao babu au babu wa babu alikwenda kubeba mizigo ya vita hakurudi, na nyumbani jina lake linatajwa kwa kunong'ona au halitajwi kabisa. Lileteni. Jina lake, la baba yake, na kwao wapi, kama yule mwalimu alivyowauliza wagonjwa wake. Hapa hakuna mwenye chokaa.

Naanza mie.

Mfaume bin Mtupa, wa Kilwa. Hakutoroka.